Mkopo Umesainiwa Dodoma, Sisi wa Kusini Tunauona Wapi?

Barua za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zimeandamana: deni la Serikali, miradi ya wafadhili, na nani mwenye kauli juu yake. Tumezipunguza urefu tu, maswali yamebaki ya wenyewe.

Wahariri, mbunge wetu alikuja akasema mikopo yote inapitishwa na Bunge. Diwani naye anasema Waziri wa Fedha anasaini mwenyewe, wabunge wanasikia redioni kama sisi. Tumwamini nani?
*Mkulima wa korosho, Newala*

Kila mmoja ameshika nusu. Mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali ya Muungano yako kwa Waziri wa Fedha, kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya 1974, Sura 134. Wizara ya Maji au ya Ujenzi haiendi kukopa yenyewe. Kabla ya saini, ombi hupita kwa wataalamu, kisha kwenye Kamati ya Taifa ya Usimamizi wa Madeni inayoongozwa na Katibu Mkuu wa Hazina, ndipo ushauri humfikia Waziri.

Bunge linaingia kwa mlango wa bajeti. Kila Juni huidhinisha jumla: kiasi gani kitakopwa ndani, kiasi gani nje kwa masharti nafuu, kiasi gani nje kwa masharti ya kibiashara. Jumla ikishapita, mkataba mmoja mmoja haurudi bungeni kupigiwa kura. Uganda wamefanya vingine: Ibara ya 159 ya Katiba yao inataka Bunge liidhinishe mkopo. Kenya, Ibara ya 211 inampa Waziri wa Fedha siku 7 kulijibu Bunge likimtaka aeleze deni lote, limetumikaje na litalipwaje.

Kwa maoni yetu pengo liko hapo. Jumla ya deni hutangazwa kila mwezi. Kinachokosekana mezani ni masharti. Kwa hiyo ukikutana na mbunge, usimuulize "tumekopa kiasi gani?" Atakutajia trilioni na mkutano utaendelea. Muulize mkopo fulani, wa barabara fulani, ni wa sarafu gani, riba yake ni ya kudumu au inapanda na kushuka na soko, muda wa neema kabla ya kuanza kulipa ni miaka mingapi, marejesho yanakwisha lini, ada za kuupata zilikuwa kiasi gani na alilipwa nani, na kama mkandarasi lazima atoke nchi ya mkopeshaji. Hilo la mwisho husahaulika, nalo linaweza kupandisha bei ya mradi kuliko riba yenyewe, kwa sababu zabuni inabaki ya kampuni za nchi moja.

Kuhusu ada, tunao mfano wa kwetu. Mwaka 2013 Serikali ilikopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na benki dada yake ya hapa nchini. Ada ilikuwa asilimia 2.4, na ndani yake asilimia 1, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa ambayo waendesha mashtaka wa Uingereza hawakuona ushahidi wa huduma iliyotoa. Novemba 2015, mbele ya mahakama ya London, benki ilikubali kuirudishia Tanzania dola milioni 6 hizo pamoja na riba ya zaidi ya milioni 1, mbali na faini. Mkopo wenyewe ulikuwa unajulikana. Ada ndiyo haikuwa imetazamwa.

Na wahi. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Barua inayomfikia mbunge Februari ikiwa na swali moja lililoandikwa vizuri inaweza kuwa swali la msingi bungeni. Ya Agosti ni malalamiko tu.

Taarifa moja inasema deni la taifa ni trilioni 97, nyingine inasema limepita 100. Halafu nasikia "deni ni himilivu". Nashindwa kuandika kazi ya darasani.
*Mwanafunzi wa chuo, Mtwara mjini*

Tazama mambo mawili kabla ya kunukuu: tarehe, na nani amehesabiwa. "Deni la Serikali" ni la Serikali peke yake. "Deni la Taifa" katika taarifa za Benki Kuu hujumuisha na kile ambacho sekta binafsi imekopa nje. Waandishi huchanganya haya mawili kila wiki.

Takwimu za kazi yako zichukue kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, maana yeye hufunga hesabu siku moja kila mwaka, Juni 30. Deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 71.31 mwaka 2022, trilioni 82.25 mwaka 2023, na trilioni 97.35 mwaka 2024. Katika hiyo ya mwisho, trilioni 65.40 ni deni la nje na trilioni 31.95 la ndani.

Sasa usikimbilie kuandika kwamba ongezeko lote la mwaka ule ni mikopo mipya. Juni 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Juni 2024 ilikuwa karibu 2,630. Mkopo wa dola milioni 10 ambao haukuongezwa hata senti ulihama kutoka shilingi bilioni 23.3 hadi 26.3. Bilioni 3 zimezaliwa na hakuna mfuko wa saruji ulionunuliwa.

"Himilivu" ni matokeo ya tathmini yenye vipimo. Thamani ya sasa ya deni lote la Serikali, yaani malipo yake yote yajayo yakipigwa kwa fedha ya leo, isizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa. Ya deni la nje isizidi asilimia 40 ya pato hilo, wala asilimia 180 ya mauzo ya nje. Kwenye tathmini ya Desemba 2024 kipimo cha kwanza kilikuwa asilimia 40.3. Vipimo hivi vinaeleza kama nchi itaweza kulipa. Kama kilichojengwa kina thamani ya kilicholipwa, hilo ni swali jingine, na jibu lake liko kwenye ripoti za CAG: ile ya Miradi ya Maendeleo na zile za Ukaguzi wa Ufanisi. Zipo kwa Kiswahili kwenye tovuti ya ofisi yake, bure, pamoja na toleo fupi la mwananchi. Kwa sheria anampa Rais ripoti kufikia Machi 31, na Katiba, Ibara ya 143, inataka zifike bungeni ndani ya siku 7 tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Ndiyo maana Aprili magazeti yote huzungumza CAG.

Ukitaka ya kila mwezi, Benki Kuu hutoa Tathmini ya Uchumi ya Mwezi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya deni: kuna jedwali la wakopeshaji na jedwali la shughuli zilizokopewa. Tawi lao lipo hapo hapo Mtwara.

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya Mtwara kwenda Masasi. Wengine tumewekewa X ya kijani, jirani yangu ana nyekundu. Fidia analipa mfadhili au Serikali? Na mwenye nyekundu ndiyo basi tena?
*Mama wa Tandahimba*

Mama, kipande cha Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, kinajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika miradi ya namna hii fedha za benki hujenga barabara, na fidia kwa kawaida hutoka kwenye mfuko wa Serikali yenyewe. Ndiyo maana mkandarasi anaweza kuonekana na greda wakati malipo yenu hayajafika: ni mifuko miwili.

Rangi zina asili yake. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande toka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zikaipeleka mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za zamani anahesabiwa kavamia, anapata nyekundu. Aliyekuwa nje ya 22.5 akafuatwa na mpaka mpya anapata kijani na fidia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kamba ya kupimia. Pimeni kutoka katikati ya barabara ya zamani mkiwa na mtendaji wa kijiji, muandike, musaini.

Jirani yako asikate tamaa mapema. Sheria ya nchi haimlipi aliye ndani ya hifadhi, ila kanuni za kijamii na kimazingira za benki hizi zinasema hata asiye na haki ya ardhi kisheria asaidiwe kwa jengo, mazao na riziki anayopoteza, ardhi tu ndiyo hailipwi. Serikali ilizikubali kanuni hizo iliposaini mkopo. Maelezo yake huwa kwenye Mpango wa Uhamishaji Makazi wa mradi, na benki huuweka kwenye tovuti yake. Ombeni nakala kwa Meneja wa TANROADS Mkoa mkiutaja kwa jina hilo.

Kwenye fomu ya uthamini ndiko watu huumia zaidi. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Mikorosho ihesabiwe mmoja mmoja mbele yako, mikubwa inayozaa mbali na miche, kwa kuwa bei zake hazifanani, na mthamini mwenye haraka huandika "mikorosho 14" na kupita. Makaburi, kisima, choo, uzio, vyote viandikwe. Piga picha fomu baada ya kusaini, uso na mgongo. Fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa inaanza kuzaa riba. Uthamini ukipita miaka 2 tangu kuidhinishwa bila malipo unakufa na inabidi urudiwe kwa bei za wakati huo. Mtu mwenye picha ya fomu yenye tarehe anajua siku hizo zinafika lini.

Malalamiko yaanze kwenye kamati ya malalamiko ya mradi kijijini, na yaandikwe kwenye daftari. Ukisema kwa mdomo hujalalamika. Kisha mhandisi mkazi, kisha TANROADS Mkoa. Yakikwama, Benki ya Maendeleo ya Afrika ina chombo huru cha malalamiko. Kwa miradi ya Benki ya Dunia kuna huduma ya malalamiko na Jopo la Ukaguzi lililoanzishwa 1993. Jopo linapokea barua ya watu wawili au zaidi, hata ya Kiswahili. Kote watauliza: mlilalamika wapi kwanza, lini, mkajibiwa nini?

Na jambo moja ambalo Dodoma hulisikia vizuri kuliko machozi. Mikataba mingi hutoza ada kwenye fedha iliyoahidiwa na haijachukuliwa. Chukulia mkopo wa dola milioni 100 wenye ada ya asilimia 0.5. Ikiwa milioni 20 tu ndizo zimetumika kwa sababu njia haijasafishwa, zile 80 zilizolala zinaigharimu Serikali dola 400,000 kwa mwaka. Kuchelewesha fidia yenu nako kunalipiwa.

Madarasa ya UVIKO hapa kwetu tuliambiwa ni msaada. Juzi mtu kasema ni mkopo. Ukweli ni upi, na sisi kamati tunawezaje kujua fedha iliyokuja ni ya namna gani?
*Mjumbe wa kamati ya shule, Nachingwea*

Ni mkopo. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567.25, shilingi trilioni 1.3 hivi. Karibu theluthi moja haina riba na inarejeshwa ndani ya miaka 10. Theluthi mbili zilitakiwa kurejeshwa ndani ya miaka 5. Ndani yake ndimo yalimotoka madarasa 15,000, elfu 12 ya sekondari na elfu 3 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. BOOST ya shule za msingi na SEQUIP ya sekondari nazo ni mikopo ya Benki ya Dunia. "Mfadhili" kwenye kibao cha mradi haimaanishi ametoa bure.

Njia ya kutofautisha ni Kitabu cha Nne cha bajeti, cha miradi ya maendeleo, kilichopo kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Mkoa wa Lindi ni Fungu 76, Mtwara ni Fungu 80, barabara kuu ziko Fungu 98 la Ujenzi. Kila mradi una safu ya fedha za ndani na ya fedha za nje, jina la anayetoa, na herufi inayoonesha ni mkopo au msaada. Malipo ya deni yako Fungu 22. Angalizo: kilichoandikwa ni makadirio. Kilichofika kweli kiko kwa mweka hazina wa halmashauri.

Fedha hizi nyingi hujenga kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na kulipa fundi, bila mkandarasi. Kunatakiwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kazi huharibika watu walewale wanapokaa kwenye zote tatu, kwa kuwa aliyenunua ndiye anayejipokelea. Mnunuzi na mpokeaji wasiwe mtu mmoja, na hapo msilegeze.

Kamati ya mapokezi iwe na vitu vinne mkononi siku gari linapofika: BOQ (orodha ya kazi na vifaa na bei zake), nukuu za bei za wauzaji watatu, hati ya kupokelea, na daftari la stoo. Hesabuni mifuko ikishuka, msihesabu ikiwa juu ya gari. Mwenye haraka ya kusainiwa mifuko 100 "mingine 20 inakuja kesho" mpeni saini ya 80. Nondo za milimita 12 na za 10 machoni zinafanana, hasa jioni. Mzani wa chama cha msingi unamaliza ubishi: nondo ya mita 12 yenye unene wa milimita 12 ina kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 ina kilo 7.4. Mkipima kumi zikaleta kilo 74, mmeuziwa nyembamba kwa bei ya nene. Bati geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipanda bati linapungua, na wauzaji wanajua wengi hudhani kinyume. Saruji isinunuliwe yote siku moja kwa sababu fedha imeingia. Kiwanda kiko hapa hapa Mtwara, haitaisha. Ikikaa masika kwenye chumba cha sakafu ya udongo inaganda, na daftari litaonesha imetumika.

Mwisho wa kila robo mwaka Mkutano Mkuu wa Kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Yabandikwe na kwenye ubao wa matangazo. Karatasi iliyobandikwa bila tarehe na mhuri irudisheni.

Tozo za korosho zetu zinalipa deni la taifa?
*Mwanachama wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), Masasi*

Kinachoingia Mfuko Mkuu wa Hazina hakina alama ya korosho tena. Ibara ya 141 ya Katiba inalidhamini deni la taifa kwa mfuko huo, na malipo yake hutoka kabla ya wizara kugawiwa. Mbunge hawezi kusimama akapunguza fungu la deni kama anavyopunguza la posho. Hilo la fedha kuingia Mfuko Mkuu ndilo lililobishaniwa na wabunge wa kusini mwaka 2018, pale Bunge liliporekebisha sheria ili ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uende Mfuko Mkuu, badala ya asilimia 65 kubaki kuendeleza zao. Mgawo huu huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo hutungwa kila Juni, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hualika maoni ya wadau kabla haijapita. AMCOS na vyama vikuu vinaruhusiwa kupeleka maoni kwa maandishi.

Bomba la gesi la kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wa Wachina. Nani analipa, na sisi tutajuaje masharti yake?
*Mstaafu, Mikindani*

Mzee wetu, mkopo ulikuwa dola bilioni 1.225 kutoka Benki ya Exim ya China, wa 2012, na bomba lilizinduliwa Oktoba 2015 pamoja na mitambo ya kusafishia gesi ya Madimba na Songo Songo. Serikali ilikopa, kisha ikamkopesha TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi. TPDC alitakiwa kulipa kwa mauzo ya gesi, na mnunuzi wake mkubwa ni TANESCO. TANESCO akichelewa, TPDC anachelewa. Hazina haiwezi kuchelewa, inawalipa Wachina kwa kodi. Bomba lina uwezo wa futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na kwenye miaka ya mwanzo CAG alionesha linapitisha sehemu ndogo sana ya hizo. Ratiba ya marejesho ilipangwa kwa mauzo ambayo hayakuwapo.

Wakati wa vurugu za gesi hapa Mtwara za Januari na Mei 2013 hoja iliyosikika ilikuwa gesi itoke au isitoke. Swali la marejesho yatategemea nini halikupata nafasi, nalo lilikuwa la kuulizwa kabla bomba halijachimbiwa.

Masharti ni kazi ngumu zaidi hapa. Watafiti waliochambua mikataba 100 ya wakopeshaji wa China mwaka 2021 walikuta kila mkataba wa baada ya 2014 una kifungu cha usiri. Benki ya Dunia na ile ya Afrika huweka wazi nyaraka za mradi. Mtu wa Mtwara akitaka kuusoma mkopo wa barabara yake huupata kwa mkopeshaji kuliko nyumbani, jambo ambalo halipendezi. Kwa mikopo ya usiri, tumia njia za pembeni: hesabu zilizokaguliwa za shirika lililokopeshwa, ripoti ya CAG ya Mashirika ya Umma, na dhamana za Serikali zilizotajwa kwenye hesabu za taifa.

Dhamana zinahitaji jicho. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kampuni tatu za umma, Ematum, ProIndicus na MAM, zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 mwaka 2013 na 2014 kwa ajili ya boti za uvuvi wa jodari na ulinzi wa pwani. Serikali ilidhamini bila Bunge kuidhinisha. Mikopo miwili kati ya hiyo ilijulikana hadharani 2016, wafadhili na Shirika la Fedha wakasitisha misaada, sarafu yao, metikali, ikaporomoka. Baraza la Katiba lilibatilisha dhamana hizo kuanzia 2019, na aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York 2024. Wavuvi wa Palma hawakuwahi kuulizwa kama wanahitaji boti hizo.

Nataka kuomba taarifa za mradi wa maji kwa maandishi. Nianzie wapi? Nikinyimwa?
*Kijana, Kilwa Masoko*

Tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ni haki ya raia, kwa hiyo uraia utaje. Huhitaji kueleza sababu ndefu wala wakili. Mfano:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kijiji cha ..., simu .... Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya (1) BOQ ya mradi wa maji wa ...; (2) taarifa ya fedha zilizopokelewa na kulipwa kwa mradi huo kati ya Julai 1, 2024 na Juni 30, 2025, ikionesha chanzo cha fedha; (3) muhtasari wa makabidhiano. Nitalipia gharama ya kunakili."

Kama mradi unaendeshwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, barua iende kwa Meneja wa RUWASA wa wilaya. Masharti ya mkopo wenyewe yaombwe kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Fedha, Dodoma. Barua nyingi hufia kwenye ofisi isiyokuwa na karatasi inayoombwa. Kosa la pili ni upana: ukiandika "taarifa zote za mradi" umempa ofisa sababu ya kusema hajaelewa. Taja hati, mradi na tarehe.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo. Wakikataa wanatakiwa kutoa sababu kwa maandishi. Usiporidhika, ndani ya siku 30 omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, naye ana siku 30. Baada ya hapo ni rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria hiyo. Wakati unasubiri, hudhuria Baraza la Madiwani: vikao ni vya wazi, huruhusiwi kuzungumza ila makabrasha husomwa, na diwani wako anaweza kuuliza swali lako kwa jina lake.

Kikundi chetu cha kinamama kimepata mkopo wa halmashauri. Je, nao ni wa wafadhili?
*Katibu wa kikundi, Lindi*

Hapana. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yenu, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na kisheria hauna riba. Mkitozwa chochote juu ya kiasi mlichokopa, dai stakabadhi na uipeleke kwa ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya kabla ya marejesho yanayofuata.